Uzi na Wino: Jinsi Damu ya Figo Ilivyofuatiliwa

Galen wa Pergamo aliwachoka matabibu wenzake wa Roma, na katika kitabu chake kuhusu nguvu za asili za mwili anawasuta kwa kuwaweka chini ya wachinja nyama. Mchinja nyama, anasema, huona kila siku figo zilivyokaa na mrija unaotoka katika kila figo ukishuka hadi kibofuni, wala hahitaji mwalimu wa kumwambia kwamba mkojo unapita humo. Wafuasi wa Asclepiades, tabibu aliyevuma Roma katika karne ya 1 kabla ya Kristo, walishikilia jambo jingine kabisa. Kwao, maji tunayokunywa hugeuka mvuke mwilini, mvuke ukapenya hadi kibofuni, na humo ukawa maji tena. Figo zilikuwepo tu.

Galen hakuishia kwenye matusi. Alimfungua mnyama aliye hai, akaifunga kwa uzi mirija miwili inayotoka figoni, akangoja. Mirija ikavimba upande wa juu ya fundo, kibofu kikabaki kitupu. Alipofungua uzi, kibofu kikajaa. Hiyo ilikuwa karne ya 2 baada ya Kristo, na sidhani kama kuna mtu amewahi kulijibu swali la kitabibu kwa kifaa rahisi kuliko hicho.

Alichokikosa ni mlango wa upande wa pili, ule ambao damu inaingilia. Katika elimu ya Galen damu ilipikwa kwenye ini kutokana na chakula, ikasambaa viungoni kwa njia ya vena, na huko ikatumika ikaisha. Haikurudi. Figo ilivuta majimaji membamba kutoka katika damu hiyo kwa nguvu ya asili iliyopewa. Nguvu ya kuvuta ilimjibia Galen maswali mengi, na ni jibu zuri sana kwa mtu asiye na jibu. Aliamini pia kwamba figo ya kulia iko juu kuliko ya kushoto, kwa kuwa ndivyo ilivyo kwa wanyama wengi aliowapasua. Kwa binadamu ni kinyume: ini, likiwa juu ya figo ya kulia, huifanya ikae chini kidogo.

Inafaa kuitazama mishipa yenyewe kama inavyojulikana leo, maana ugomvi wote uliofuata ulikuwa juu yake. Aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, hushuka mbele ya uti wa mgongo. Ikifika usawa wa pingili ya kwanza na ya pili za kiuno hutoa ateri mbili za pembeni, moja kwa kila figo. Ya kulia ni ndefu zaidi kwa sababu hulazimika kupita nyuma ya vena kuu ya chini. Kwa upande wa vena mambo hugeuka: ya kushoto ndiyo ndefu, nayo huvuka mbele ya aota kabla ya kumwaga damu yake. Figo moja ya mtu mzima ina uzito wa gramu 150 hivi, na zote mbili kwa pamoja hazifikii nusu ya asilimia moja ya uzito wa mwili. Hata hivyo, mtu akiwa ametulia, sehemu moja kati ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, au zaidi kidogo, huenda huko. Ni zaidi ya lita moja kila dakika. Ukipima gramu kwa gramu, ubongo hauoni ndani, wala moyo wenyewe.

Tena figo haili damu hiyo. Huchukua sehemu ndogo tu ya oksijeni iliyomo, na damu inayotoka kwenye vena yake bado ina wekundu mwingi. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba kiungo hiki kina njaa. Damu yote hiyo inafuata nini pale?

Swali lenyewe lisingeweza kuulizwa kabla ya kujulikana kwamba damu inazunguka, na wataalamu wa karne ya 16 bado walikuwa wakigombania umbo. Andreas Vesalius, aliyefundisha Padova na kuchapisha kitabu chake kikubwa cha maumbile ya mwili huko Basel mwaka 1543, alimsahihisha Galen mahali pengi. Lakini kwenye figo alichora ya mbwa. Bartolomeo Eustachi wa Roma hakumsamehe. Katika maandishi yake kuhusu figo, yaliyotoka mwaka 1564, alimsuta kwa kumpa msomaji figo ya mbwa badala ya ya mtu, kisha akafanya ambalo Vesalius hakulifanya: alipasua miili mingi na kuilinganisha. Akaona kwamba mishipa ya figo haifuati kanuni moja. Mtu mmoja ana ateri moja kila upande, mwingine ana mbili upande huu na moja upande ule, na nyingine huingia kwenye ncha ya figo badala ya kati. Leo tunajua kwamba karibu robo ya watu wana angalau ateri moja ya ziada. Eustachi alikuwa na sahani 47 za shaba zilizochongwa mwaka 1552, akachapisha 8 tu pamoja na maandishi hayo ya figo. Nyingine 39 zilipotea machoni pa watu hadi Giovanni Maria Lancisi, tabibu wa Papa, alipozichapisha mwaka 1714. Karne moja na nusu ya maarifa ililala sandukuni, na katika muda huo watu wengine walilazimika kuyatafuta upya.

Mwaka 1628 William Harvey alichapisha Frankfurt kijitabu chake kuhusu mwendo wa moyo na damu. Naye alitumia uzi: alifunga mkono wa mtu, akaonyesha vena zikijaa upande mmoja na kukauka upande mwingine, kisha akapiga hesabu ya damu inayotoka moyoni, akaonyesha kwamba ini haliwezi kutengeneza damu nyingi kiasi hicho kwa siku. Lazima ile ile irudi. Harvey hakuona mahali ambapo ateri inakutana na vena, kwa kuwa hakuwa na chombo cha kuonea. Aliamini tu kwamba pako.

Chombo kilipopatikana, Italia ndiko kilikotumika kwanza kwa figo. Lorenzo Bellini alikuwa na umri wa miaka 19 mwaka 1662 alipochapisha kitabu kidogo kuhusu muundo wa figo. Waliomtangulia walidhani nyama ya figo ni kitu kizito kisicho na njia ndani. Bellini aliikata, akaibana, akaona maji yakitoka kwenye vitundu vya mirija midogo sana iliyopangwa sambamba. Aliyaonja pia, akakuta yana chumvi, na wakati mwingine yana ladha ya mkojo. Vijana wa siku zile hawakuwa na maabara. Walikuwa na ulimi.

Marcello Malpighi alikuja na wino. Mwaka 1661 alikuwa tayari amemaliza deni la Harvey: kwenye pafu la chura, chini ya hadubini, aliona mishipa myembamba kupita yote inayounganisha ateri na vena, ambayo leo tunaiita kapilari. Kisha akageukia viungo vya ndani. Alichukua figo, akaingiza kwenye ateri yake maji meusi yaliyochanganywa na spiriti ya mvinyo, akaikata na kuitazama. Kwenye gamba la nje la figo palikuwa na vifundo vidogo vyeusi, vingi ajabu, vikining'inia kwenye matawi ya ateri. Alisema ni kama matofaa kwenye mti. Maandishi yake yalitoka Bologna mwaka 1666.

Wengi hukumbuka matofaa hayo wakasahau kilichofuata, nacho kwangu ndicho chenye uzito. Malpighi alihisi kwamba mkojo unaanzia kwenye vifundo vile, basi lazima viwe vimeungana na mirija ya Bellini. Alijaribu kuionyesha njia hiyo kwa wino, haikuonekana. Akamchukua mbwa aliye hai, akafunga kwa uzi vena za figo na mirija ya mkojo kwa pamoja, ili damu ibanwe huku na mkojo ubanwe kule na muungano ujitokeze. Haukujitokeza. Akaandika hivyo hivyo: kwamba anaamini upo, na kwamba macho yake hayajauona.

Unyofu huo ulimponza. Huko Amsterdam alikuwepo Frederik Ruysch, bingwa wa kuingiza nta ya rangi kwenye mishipa ya maiti, mtu ambaye mkusanyo wake wa viungo na vitoto vilivyohifadhiwa ulinunuliwa na Peter Mkuu wa Urusi mwaka 1717. Nta ya Ruysch ilipenya mahali ambapo wino wa Malpighi haukufika. Alipoiingiza kwenye ateri ya figo aliikuta imetokea ndani ya mirija ya mkojo, akatangaza kwamba hakuna vifundo vyovyote vya maana: ateri inageuka kuwa mrija wa mkojo moja kwa moja. Kumbe alikuwa amesukuma kwa nguvu hadi kuta zikapasuka. Lakini kazi yake ilikuwa nzuri mno machoni, na kwa vizazi kadhaa watu waliamini uzuri wake. Mwanafunzi mmoja wa Strasbourg, Alexander Schumlansky kutoka dola ya Urusi, alikaribia ukweli katika tasnifu yake ya mwaka 1782. Dunia haikumsikiliza sana.

Kisha ukaja mwaka 1842, na wanaume wawili waliozaliwa mwaka mmoja, 1816, wakaandika kuhusu kitu kile kile bila mmoja kujua habari za mwenzake.

William Bowman alikuwa London, katika King's College. Alikuwa na hadubini bora kuliko ya Malpighi na ujanja wa kikemia: aliingiza kwenye ateri kwanza dawa moja ya potasiamu, kisha dawa nyingine ya risasi, nazo zilipokutana ndani ya mishipa zikafanya unga wa rangi ya manjano iliyokolea. Mahali pengine kuta za kapilari zilipasuka na manjano hiyo ikamwagika, kama ilivyomtokea Ruysch. Tofauti ni kwamba Bowman alikuwa akitazama wakati huo huo kwa hadubini. Aliona rangi iliyomwagika kutoka kwenye kifundo ikikusanyika kwanza ndani ya kifuko chembamba kinachokizunguka, halafu ikiteremka kwenye mrija. Kifuko na mrija ni kitu kimoja. Ule muungano alioutafuta Malpighi kwa miaka mingi ulikuwa huo, na hadi leo kifuko hicho kinaitwa kwa jina la Bowman.

Aliona na jambo la pili, ambalo kwa habari ya damu lina uzito zaidi. Kwingineko mwilini, ateri hugawanyika mpaka ikawa kapilari, na kapilari zikakusanyika kuwa vena. Figoni si hivyo. Ateri ndogo huingia kwenye kifundo, hugawanyika kuwa kapilari zilizojikunja pamoja, halafu kapilari hizo hazitoi vena. Hutoa ateri ndogo nyingine. Hiyo ya pili husafiri hadi kwenye mirija ile ile ya mkojo, hugawanyika kwa mara ya pili kuwa wavu wa kapilari unaoizunguka, na hapo tu ndipo vena inapoanza. Damu ya figo hupita kwenye nyavu mbili, moja baada ya nyingine. Na kila mshipa kati ya ile miwili, wa kuingilia na wa kutokea, una misuli yake ya kubana na kulegea.

Bowman aliona yote hayo, kisha akayatafsiri kombo. Alidhani kifundo hutoa maji matupu, na kwamba mirija ndiyo inayotia urea na chumvi, maji yakipita yakizisomba. Ilikuwa dhana ya mtu anayetazama umbo. Carl Ludwig huko Marburg alitazama nguvu. Katika tasnifu aliyoiandika kwa Kilatini alisema kwamba figo haina haja ya kuchagua wala kuvuta chochote. Mshipa wa kutokea ni mwembamba kuliko wa kuingilia. Kwa hiyo damu ndani ya kifundo ina shinikizo kubwa, na shinikizo hilo linasukuma nje maji na vyote vilivyoyeyuka humo, isipokuwa protini na chembe za damu, kwa kuwa havipiti. Damu iliyobaki, ikiwa nzito sasa, inakwenda kuizunguka mirija na kuyavuta maji yarudi. Kwa kalamu moja Ludwig alifuta ile nguvu ya asili ya Galen na kuweka mahali pake msukumo wa moyo.

Hakuwa na ushahidi wa kutosha, na upinzani haukukawia. Rudolf Heidenhain wa Breslau alitia rangi ya buluu kwenye damu ya wanyama, akaikuta rangi hiyo katika seli za mirija wakati vifuko vya Bowman havina kitu. Basi seli zinatoa! Seli zinachagua! Halafu akageukia hesabu. Kama Ludwig ni mkweli, alisema, ili kutoa urea yote ya siku moja vifundo vitapaswa kuchuja makumi ya lita za maji, na mirija iyarudishe karibu yote. Nani angebuni kiungo cha namna hiyo, cha kumwaga na kuzoa, kumwaga na kuzoa, mchana na usiku? Hoja hiyo iliwashinda wengi. Hata leo, ukimweleza mtu mara ya kwanza, uso wake utakuambia kwamba yuko upande wa Heidenhain.

Ernest Starling, Mwingereza, alitengeneza nusu ya jibu mwaka 1899 alipoonyesha kwamba protini za damu zina nguvu yao ya kushikilia maji, na kwamba shinikizo la damu katika kifundo lazima liishinde nguvu hiyo kwanza ndipo mkojo upatikane. Ndiyo sababu mtu aliyepoteza damu nyingi huacha kukojoa. Nusu ya pili ilipatikana Philadelphia. Alfred Newton Richards na daktari kijana aliyekuja kujifunza kwake, Joseph Wearn, walitengeneza sindano ya kioo nyembamba kiasi cha kuchoma kifuko cha Bowman cha chura aliye hai, chini ya hadubini, bila kugusa kapilari. Walinyonya tone lisiloonekana kwa jicho, wakalipima. Halikuwa na protini. Lilikuwa na sukari na kloridi, wakati mkojo kibofuni mwa chura yule yule haukuwa navyo. Maana yake vitu hivyo vilichujwa, kisha vikarudishwa njiani. Waliichapisha kazi hiyo mwaka 1924, miaka 82 baada ya Ludwig kuandika.

Heidenhain hakuwa mjinga, lakini. Eli Marshall wa Baltimore alionyesha katika miaka hiyo hiyo kwamba wapo samaki wa baharini ambao figo zao hazina kifundo hata kimoja, na bado hutoa mkojo. Kwa hiyo seli za mirija zinaweza kutoa vitu kutoka kwenye wavu ule wa pili wa damu na kuvitia mkojoni. Kazi zote mbili zipo katika figo yetu.

Na hapo ndipo anapoingia Homer Smith wa Chuo Kikuu cha New York, mtu ambaye kwa maoni yangu alikuwa na akili ya mwanahistoria kuliko wote. Smith alitaka kujua kwa nini kiumbe yeyote awe na vifundo hivi, na jibu akalitafuta kwa samaki. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alisafiri hadi Ziwa Victoria kumfuata kamongo, yule samaki mwenye mapafu anayejulikana na kila mvuvi wa Kisumu na Mwanza. Ukame ukija kamongo hujizika kwenye tope, na huko figo zake karibu husimama kabisa, urea ikirundikana mwilini, hadi mvua zirudi. Kwa Smith huyo alikuwa ushahidi kwamba kifundo cha figo kilianza kama pampu ya kutoa maji kwa viumbe wa maji baridi, na sisi wa nchi kavu tumerithi chombo cha kumwaga maji ambacho ikabidi tukipachikie mirija ya kuyazoa. Mwaka 1932 alitoa riwaya fupi ya mazungumzo akaipa jina la samaki huyo kama anavyoitwa na Wajaluo: Kamongo.

Smith ndiye aliyepima mto wenyewe wa damu. Njia yake ilikuwa hivi: tafuta kitu ambacho figo hukiondoa karibu chote kwenye damu kwa kupita mara moja. Kitie kwenye damu ya mtu mzima wa afya, pima kiasi kinachotoka mkojoni kwa dakika, pima kiasi kilichomo kwenye damu, na hesabu ya kugawanya itakuambia ni damu kiasi gani imepita figoni. Hakuna kisu. Kwa kuanzia alitumia dawa yenye madini ya joto iliyotengenezwa kwa ajili ya picha za eksirei, na mwaka 1938 yeye na wenzake walichapisha vipimo vya watu: lita moja na kitu kwa dakika. Kwa kitu kingine, sukari ya mimea iitwayo inulini ambayo huchujwa wala hairudishwi, ilipatikana kasi ya kuchuja: mililita 125 hivi kwa dakika. Zidisha kwa siku nzima. Ni kama lita 180, ambapo lita moja au mbili tu hutoka nje. Idadi iliyomfanya Heidenhain akatae ilikuwa ndogo kuliko ukweli.

Sasa wingi wa damu ya figo ukaeleweka. Maji yote ya damu, tuseme lita tatu, hupitishwa kwenye chujio makumi ya mara kwa siku. Uchujaji huo unahitaji shinikizo la milimita 50 hadi 60 za zebaki ndani ya kapilari, kiasi ambacho kapilari za kwingineko hazikioni, na shinikizo hilo linatengenezwa na ile ateri ya pili aliyoiona Bowman, inayobana upande wa kutokea.

Ludwig hakuwaza kwamba figo inaweza kuujibu moyo. Mwaka 1898 Robert Tigerstedt, Mfini aliyefanya kazi Stockholm, na msaidizi wake Per Bergman walisaga gamba la figo ya sungura, wakaingiza maji yake kwenye sungura mwingine, shinikizo la damu likapanda. Kitu hicho wakakiita renini. Kisha watu wakakisahau kwa zaidi ya miaka thelathini. Huko Cleveland, Harry Goldblatt alikuwa amewaona maiti wengi wa watu waliougua presha ambao ateri ndogo za figo zao zimekakamaa na kuziba. Kila mtu alisema presha ndiyo iliyoharibu mishipa. Goldblatt akajiuliza ikiwa si kinyume chake. Alitengeneza kibanio kidogo cha fedha chenye skrubu, akakivisha kwenye ateri ya figo ya mbwa, akakaza taratibu bila kuifunga kabisa. Presha ya mbwa ikapanda na kubaki juu. Mwaka 1934 alichapisha. Huko Buenos Aires, Bernardo Houssay na Juan Fasciolo walifika mbali zaidi: walichukua figo iliyobanwa hivyo wakaiunganisha kwenye mishipa ya shingo ya mbwa mwingine, ambako haikuwa na neva yoyote ya kupeleka habari. Presha ya mbwa huyo nayo ikapanda. Figo ilikuwa inatuma kitu kwa njia ya damu.

Kitu hicho kiligunduliwa mara mbili kwa wakati mmoja, Buenos Aires na Indianapolis, kikapewa majina mawili, na mwaka 1958 pande zote zikakubali jina la mchanganyiko: anjiotensini. Renini ya figo ndiyo inayoianzisha. Anjiotensini yenyewe inabana mishipa, hasa ile ateri ya kutokea kwenye kifundo, ili shinikizo la kuchuja lisianguke damu inapopungua. Figo iliyobanwa na Goldblatt ilidhani mwili mzima umeishiwa damu, ikapiga kelele ambayo hakuna aliyekuwepo kuizima. Sumu ya nyoka wa Brazili aliyechunguzwa na Sérgio Ferreira ndiyo iliyowaongoza wakemia kwenye kaptoprili, dawa ya kuizuia anjiotensini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1981 na ambayo leo imo kwenye rafu za hospitali zetu za wilaya. Daktari makini haitoi bila kufikiria ateri za figo: kwa mgonjwa ambaye ateri zote mbili zimekuwa nyembamba, ile ateri ya kutokea ikilegezwa na dawa, uchujaji unaweza kusimama ghafla.

Wapasuaji nao walikuwa na safari yao. Max Brödel, mchoraji mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi na madaktari wa Johns Hopkins, aliijaza mishipa ya figo na mwaka 1901 akaonyesha mstari wa nyuma kidogo ya ukingo wa figo ambako ateri za mbele na za nyuma hazikutani vizuri, hivyo kisu kikipita hapo damu humwagika kidogo. Mwaka 1954 F. T. Graves wa Uingereza alionyesha kwamba ateri ya figo hugawa kiungo katika vipande vitano, na kila kipande kina ateri yake isiyosaidiana na jirani. Ikiziba, kipande hicho hufa. Ateri ya ziada ya Eustachi, kwa hiyo, si pambo. Ni njia pekee ya sehemu fulani ya figo, na anayeikata kwa kuiona nyembamba ameua sehemu hiyo.

Alexis Carrel, Mfaransa wa Lyon, alijifunza kwa mfumaji mmoja wa mji huo kushona kwa sindano nyembamba na nyuzi za hariri, na mwaka 1902 akaeleza namna ya kuunganisha mishipa miwili ya damu ncha kwa ncha bila kuiziba. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1912. Figo za mbwa alizihamisha na zikatoa mkojo, ila mwili wa mgeni ulizikataa baadaye. Kukataliwa huko kulikwepwa Boston tarehe 23 Desemba 1954, Joseph Murray alipochukua figo ya mtu mmoja na kumpandikizia pacha wake wa kufanana. Hakuiweka mahali pa figo. Aliiweka nyongani, na kuiunganisha na mishipa ya damu ya hapo, kama Wafaransa walivyokwisha kufanya.

Hivyo ndivyo inavyofanyika hadi sasa, pamoja na Muhimbili, Dar es Salaam, ambako upandikizaji wa kwanza ulifanyika mwaka 2017 kwa ushirikiano na wataalamu kutoka India. Figo mbili za zamani za mgonjwa kwa kawaida huachwa zilipo. Kwa mtoaji, wapasuaji hupenda zaidi figo ya kushoto, kwa kuwa vena yake ni ndefu na ina nafasi ya kushonwa. Kabla ya kuamua humtia mtoaji dawa ya rangi kwenye damu na kumpiga picha ya CT, wakahesabu ateri zake. Kama upande wa kushoto una mbili au tatu, watafikiria ya kulia. Kama zote ziko hivyo, wataziunganisha ateri hizo pembeni, figo ikiwa kwenye barafu, kabla haijafika kwa mgonjwa.